KUTEMBEA BUDAPEST KWA TIKETI MOJA

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa kazi ya ishara mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Mmenipa nusu saa. Habari za masomo ya wafanyakazi wa uchukuzi, ambayo tawi lilinituma Hungaria mwaka 2024, nimekwisha ziandika na Kamati imezisoma, kwa hiyo sitazirudia. Katibu ameniomba niseme habari za siku moja tu, ile siku yetu ya mapumziko, ambayo niliitumia kuzunguka mji wa Budapest kwa magari ya abiria wa kawaida. Najua wako ndugu hapa ambao wamekwisha nong'onezana kwamba hayo ni mambo ya starehe. Nawaomba wanivumilie. Mtu wa reli akitaka kujua mji ni wa nani, haendi kuuliza ofisini kwa meya. Anapanda gari, anatazama limejengewa nani, nani analipa, na nani ameachwa kituoni.

Kwanza mpajue mahali penyewe. Budapest ni mji mkuu wa Hungaria, katikati ya Ulaya, mbali na bahari. Mto Danube unaupasua mji kutoka kaskazini kwenda kusini, na mahali pengi upana wake ni zaidi ya meta 300. Upande wa magharibi ni Buda, penye vilima na ngome ya wafalme. Upande wa mashariki ni Pest, tambarare kama Embakasi, penye maduka na ofisi na stesheni kubwa. Zamani ilikuwa miji mbalimbali, mpaka mwaka 1873 ndipo Buda, Pest na mji mwingine wa Óbuda ilipounganishwa ikawa mji mmoja.

Wala msidhani mji huo hautuhusu hata kidogo. Mwaka 1888 bwana mmoja mkubwa wa Hungaria, jina lake Sámuel Teleki, alifika na msafara wake kwenye ziwa la kaskazini ya nchi yetu, akalipa jina la Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wake. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa, lakini hawakuulizwa. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa pwani, na majina yao hayakupewa hata kijito. Jina la Rudolf likakaa katika ramani mpaka 1975, ndipo likawa Ziwa Turkana. Baba yake huyo Rudolf ni mfalme Franz Joseph. Mtamsikia tena baada ya kitambo kidogo, akiwa chini ya ardhi.

Sasa tiketi. Pale mjini tramu, mabasi, treni za chini ya ardhi, hata treni moja ya mlimani, zote zinapokea tiketi za shirika moja la mji. Mwaka 2024 tiketi ya safari moja ilikuwa forinti 450, na tiketi ya masaa 24 ilikuwa forinti 2,500, yaani karibu shilingi 900 za kwetu. Ni fedha, sikatai. Lakini kwa hiyo mtu anapanda na kushuka mara arobaini akitaka, na hakuna makanga wa kumwambia kwamba mvua imenyesha na nauli imepanda. Tiketi ya safari moja lazima uigonge mwenyewe katika mashine. Usipoigonga, hata kama umeilipia, mkaguzi anakuhesabu kama mtu asiye na tiketi, na wakaguzi wako mlangoni mwa treni za chini wamevaa vitambaa mkononi. Wageni wengi hutozwa faini kwa jambo hilo. Tiketi ya masaa 24 haigongwi, maana saa yake imeandikwa juu yake. Mimi nilikata yangu Jumamosi saa moja jioni, ili nipate usiku mzima na mchana wote wa Jumapili. Mwenye kupata nafasi ya kwenda afanye hivyo hivyo.

Nianze na treni ya chini ya ardhi, ile ndogo wanayoiita namba moja. Ndugu zangu, hiyo ilifunguliwa tarehe 2 Mei 1896. Katika bara la Ulaya, ukiacha kisiwa cha Uingereza, hapakuwa na mji mwingine wenye treni kama hiyo, na tangu siku ya kwanza ilikwenda kwa stima, si kwa moshi. Sasa fikirini kwetu. Mwezi huohuo, tarehe 30 Mei 1896, ndipo reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa pale Mombasa. Wao walichimba handaki la zaidi ya kilometa tatu chini ya barabara nzuri. Sisi zililetwa roho zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi kuja kufungua njia ya porini, na karibu 2,500 walikufa kabla reli haijakaa sawa. Reli ni reli, chuma ni chuma kilekile, lakini kila moja ina sababu yake. Ile ilijengwa ili watu wa mji wakatembee kwenye bustani na maonyesho. Hii yetu ilijengwa ili mwenye nchi nyingine afike ziwani.

Na kwa nini waliipeleka chini? Hapa ndipo nilipocheka. Juu yake iko barabara ya Andrássy, ndefu na iliyonyooka, yenye nyumba za matajiri wa siku zile. Watu walitaka usafiri wa kwenda kwenye bustani, lakini wakubwa wa mji hawakutaka tramu ipite mbele ya madirisha yale na kuharibu uzuri wa barabara. Basi ikachimbwa chini. Kazi ilianza 1894 na haikumaliza miaka miwili. Siku chache baada ya kufunguliwa, Franz Joseph mwenyewe akaipanda, nayo ikaitwa kwa jina lake. Hivi leo njia hiyo ina kilometa 4.4 na vituo 11. Unashuka ngazi chache tu kutoka kandokando ya barabara, kama mtu anayeshuka ghala, na umefika. Dari iko karibu na kichwa, nguzo ni za chuma, kuta zina vigae vyeupe, na behewa ni fupi na la manjano. Mwaka 2002 njia hii pamoja na barabara ya juu yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Matajiri wa madirishani wamekwisha kwenda zao. Treni waliyoificha bado inachukua watu.

Watu wa ishara wenzangu watapenda kusikia kwamba mpaka mwaka 1973 treni hizo zilikwenda upande wa kushoto, kama sisi, ndipo zikahamishiwa kulia. Na pale Deák Ferenc tér kuna kipande cha handaki la zamani ambacho wamekifanya nyumba ya makumbusho, na mabehewa ya kale yamesimama humo. Nilikaa humo muda mrefu kuliko katika kanisa lolote la mji ule, na mwalimu wangu wa misheni anisamehe.

Mwisho wa njia hiyo uko karibu na bustani kubwa yenye nyumba ya kuogea maji ya moto yanayotoka ardhini. Sikuoga. Bei ya mlangoni inazidi tiketi ya siku nzima mara kadhaa, na kuna mambo mengine ya kuona bure. Kando ya bustani, kwa mfano, palisimama sanamu kubwa sana ya Stalin tangu 1951. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 1956 watu waliikata na kuiangusha, yakabaki mabuti yake tu juu ya jukwaa. Nitarudi kwenye mwaka huo.

Ukirudi mtoni utaliona daraja la minyororo, ambalo ni la zamani kuliko yote ya kudumu yanayounganisha Buda na Pest. Lilifunguliwa mwaka 1849. Kabla ya hapo palikuwa na daraja la mashua zilizofungwa pamoja, nalo liliondolewa wakati wa barafu, hata mtu wa Pest akifiwa Buda huenda asifike mazikoni. Inasimuliwa kwamba bwana István Széchenyi, mwaka 1820, alipokwenda kumzika baba yake, alingoja wiki nzima kuvuka, ndipo akaazimia daraja lijengwe. Hayo ya kufiwa tunayafahamu sote, nani hapa hajazuiwa na mto? Lakini mimi lililonishika si hilo, ni habari ya malipo. Katika Hungaria ya siku zile mabwana wakubwa hawakulipa kodi. Mkulima ndiye aliyelipa, bwana akapita. Sheria ya daraja, ya mwaka 1836, ilisema kila mtu atakayevuka atalipa, bwana na mkulima sawasawa. Kumbukeni kwamba mabwana ndio waliokaa katika baraza la kutunga sheria, na walibishana sana kabla ya kukubali. Kwa fedha ndogo ya kuvukia mto, mlango ukafunguka kidogo, maana aliyelipa darajani leo ataulizwa kesho kwa nini halipi kodi ya nchi.

Wazungu wawili waliolijenga walikuwa na jina moja la Clark, William Tierney Clark aliyelichora, Mwingereza, na Adam Clark, wa Scotland, aliyesimamia kazi. Hawakuwa ndugu. Januari 1945 majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalililipua, na katika vita hivyo madaraja mengine yote ya mji nayo yaliharibiwa. Likajengwa tena, likafunguliwa Novemba 1949, miaka mia kamili tangu lile la kwanza. Tangu matengenezo ya 2023 magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kupita juu yake. Wanapita wenye miguu, baiskeli, teksi na mabasi. Basi namba 16 linavuka hapo na kupanda mpaka ngomeni, na tiketi yako ya siku inalitosha. Karibu yake iko gari ya kuvutwa kwa kamba ya waya, ya tangu 1870, inapanda kilima kilekile, lakini hiyo ina tiketi yake ya bei kubwa, na wageni wamejipanga foleni ndefu. Nilipita na basi nikawapungia mkono.

Sasa tramu namba 2. Nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo niliyoipanda mara tatu.

Tramu, kwa ajili ya vijana, ni gari la reli linalopita barabarani kwa nguvu ya stima, waya juu na chuma chini. Kwetu haijafika bado, ila zamani Mombasa kulikuwa na vigari vidogo juu ya reli nyembamba, wakubwa wameketi chini ya kitambaa cha kivuli, na watu wanasukuma kwa mikono. Vilidumu mpaka miaka ya 1920. Tramu namba 2 inakwenda ukingoni kabisa mwa mto upande wa Pest, na kwa tiketi ile ile unaona mambo ambayo mtalii wa mashuani analipia sana. Ngome iko ng'ambo, madaraja yanapita mmoja mmoja. Mwisho wake wa kusini kituo kinaitwa Közvágóhíd. Nilifurahi nilipoambiwa maana yake ni Machinjioni, maana hata makanga wa kwetu angekipa jina hilohilo.

Upande wa kaskazini inapita kando ya nyumba ya Bunge. Ni jumba la ajabu, urefu wake meta 268, na kuba lake lina kimo cha meta 96. Hesabu hiyo si ya bahati. Wahungaria wanahesabu kwamba babu zao waliingia nchi ile mwaka 896, na mwaka 1896 wakasherehekea miaka elfu, kwa hiyo kanisa kubwa la Mtakatifu Stefano nalo likapewa meta 96, ili serikali na kanisa zisizidiane.

Hatua chache kusini ya Bunge, kwenye ukingo wa saruji, viko viatu. Ni jozi 60 za viatu vya chuma, vya wanaume, vya wanawake, na vidogo vya watoto, vimewekwa hapo mwaka 2005. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 wanamgambo wa Kihungaria waliokuwa upande wa Hitler waliwaleta Wayahudi ukingoni hapo, wakawaamuru wavue viatu, wakawapiga risasi, mto ukawachukua. Viatu vilikuwa na thamani, ndiyo sababu vilivuliwa. Kiko kimoja kimekanyagwa kisigino kama cha mtu wa kusimama kutwa nzima. Tramu inapita nyuma yako kila dakika chache ikilia kengele. Sikupiga picha.

Na katika nyumba hiyo ya Bunge yalitukia mambo ambayo yanahusu mkutano kama huu wetu. Mwaka 1956 chama kilichotawala Hungaria kilijiita chama cha watu wafanyao kazi. Lakini mfanyakazi hakuwa na ruhusa ya kugoma, na chama cha wafanyakazi kilikuwa mkono wa serikali. Oktoba watu waliinuka. Tarehe 4 Novemba majeshi ya Urusi yaliingia kwa vifaru, na katika siku chache bunduki za wenyeji zikanyamaza. Hapo ndipo wafanyakazi walipoanza shughuli yao wenyewe. Kila kiwanda kilichagua baraza lake, na tarehe 14 Novemba wajumbe wa viwanda wakaunda baraza moja la mji mzima. Silaha yao ikawa mgomo tu. Walitaka majeshi ya kigeni yaondoke, waziri mkuu wao Imre Nagy arudishwe, na haki ya kugoma iwe haki. Mwenyekiti wao, Sándor Rácz, alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa katika kiwanda cha simu. Umri wake miaka 23. Tazameni vijana waliokaa mstari wa nyuma hapo, ndio rika lake.

Serikali mpya ya János Kádár iliongea nao usiku baada ya usiku, kwa maneno ya adabu, na haikuwapa kitu. Tarehe 9 Desemba ikayapiga marufuku mabaraza ya mji. Wao wakaitisha mgomo wa masaa 48, tarehe 11 na 12 Desemba. Tarehe 11 Rácz na mwenzake Sándor Bali wakaalikwa kwenda Bungeni kwa mazungumzo. Wakaenda. Walipofika wakakamatwa. Mgomo uliendelea bila ya viongozi wake, ukamalizika siku uliyopangiwa. Rácz alihukumiwa kifungo cha maisha, akatolewa kwa msamaha wa mwaka 1963, na aliishi mpaka 2013. Katibu wetu anajua kwa nini nimeyasimulia haya polepole. Mwaliko wa mazungumzo tulio nao sasa unataka watu wawili. Mimi ningependa tupeleke sita.

Haya, nipande mlimani nipate hewa.

Kutoka Széll Kálmán tér, ambako tramu nyingi zinakutana, unakwenda vituo viwili mpaka mahali panapoanzia reli ya meno. Katikati ya reli mbili kuna chuma cha tatu chenye meno, na gurudumu la injini linashika meno hayo kama mnyororo wa baiskeli, gari lisirudi nyuma. Ilifunguliwa mwaka 1874, kwa mvuke, na tangu 1929 inakwenda kwa stima. Kilometa 3.7, na inapanda zaidi ya meta 300. Sisi ambao njia yetu inapanda kupita meta 2,700 pale Timboroa kwa magurudumu laini tu, tunaweza kuitazama kwa kiburi kidogo. Lakini nilikumbuka pia bonde letu pale Kijabe, jinsi wajenzi walivyoteremsha mabehewa kwa kamba ya waya mpaka njia ya kawaida ilipokuwa tayari. Hii ya Budapest imehesabiwa kuwa tramu namba 60, basi mzee mwenye kikapu na mbwa wake anapanda mlima kwa tiketi ileile.

Juu kabisa ndipo reli ya watoto. Mtaniambia nawatania. Ni njia nyembamba ya milimeta 760, urefu kilometa 11.2 katikati ya msitu, iliyojengwa kati ya 1948 na 1950, na kazi karibu zote zinafanywa na watoto wa miaka kumi mpaka kumi na minne. Watoto wanakata tiketi, wanageuza njia, wanashughulikia ishara, wanapokea treni kwa bendera. Dereva wa injini ni mtu mzima, na wako watu wazima wa kuwasimamia. Mtoto hachaguliwi ila awe na alama nzuri shuleni, na anasoma kwanza mafunzo ya miezi kadhaa. Ilianzishwa na serikali ya wakati ule kwa vijana wa chama, chama kikaanguka, watoto wakabaki. Tiketi yake ni mbali, ile ya siku haifai hapo, nami nililipa bila kunung'unika.

Msichana mmoja, nadhani wa miaka kumi na mmoja, alisimama wima jukwaani mkono kwenye kofia mpaka behewa la mwisho lilipopita. Hakutazama kando hata mara moja. Nimefanya kazi na watu wazima ambao hawawezi hivyo. Ndugu mmoja wa masomo yetu alisema ni vibaya watoto kufanya kazi, na chama cha wafanyakazi kisisifu. Tukabishana hapo hapo kwenye treni. Mimi nasema mtoto aliyekwenda siku moja baada ya wiki mbili, anayerudi shuleni kesho, si mtoto wa shamba la chai. Lakini alikuwa na neno lake pia, sikumshinda.

Kulikuwa na ubishi mwingine. Budapest ina treni ya chini namba 4, ya mwaka 2014, kutoka stesheni ya Keleti kuvuka chini ya mto. Haina dereva. Unasimama mbele kabisa na kutazama handaki likija, hakuna mtu. Inasimama sawasawa na kituo, milango inafunguka, inakwenda. Kazi ni safi, siwezi kuidharau. Nilihesabu kazi zilizobaki. Kuna watu chumbani wanaoangalia mitambo, mafundi wa karakana, wafagiaji, wakaguzi wa mlangoni. Dereva ndiye hayupo. Wenzetu wa huko waliniambia neno moja ambalo nimelileta: mashine ikija, usiende kujadili kama ije, nenda kabla ya kununuliwa, ujadili aliyekuwa dereva atafundishwa kazi gani na kwa mshahara gani. Baada ya kununuliwa hakuna anayekusikiliza.

Stesheni yenyewe ya Keleti, ya mwaka 1884, ina sanamu mbili usoni, James Watt wa mvuke na George Stephenson wa reli. Nilizisalimu zote mbili. Lakini hapo hapo, Septemba 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Siria na nchi nyingine walilala nje sakafuni. Wengi walikuwa na tiketi za kwenda Ujerumani, walizolipia, na mlango ukafungwa wasipande. Mwishowe mamia wakaanza kwenda kwa miguu barabarani kuelekea Austria. Mimi nimefundishwa kwamba tiketi ni mapatano. Ukipokea fedha, unachukua mtu.

La mwisho nimelichelewesha makusudi, ingawa kwa saa ndilo lililotangulia, maana lilikuwa usiku ule wa Jumamosi. Tramu namba 6 inazunguka barabara kuu ya duara na kuvuka daraja la Margit, nayo haipumziki; inakwenda usiku kucha. Magari yake, ya tangu 2006, yana urefu wa meta 54 bila kukatika, unaweza kutembea kutoka mbele mpaka nyuma. Nilipanda saa tisa na nusu usiku. Humo walikuwamo vijana walevi, sitaficha. Lakini wengine walikuwa watu wa kazi. Mama mmoja amevaa nguo za hospitali chini ya koti, wanaume wawili wenye unga kwenye viatu, mlinzi amelala ameegemea dirisha na mkoba magotini. Alipofika kituo chake aliamka mwenyewe, kama tunavyoamka sisi, akashuka.

Treni zetu za abiria wa Nairobi zinakwenda asubuhi na jioni. Stesheni ya Syokimau tunayo tangu 2012, na mwaka 2020 tuliletewa mabehewa ya dizeli yaliyokwisha tumika Uhispania, nayo yanavuta vizuri. Njia ipo, chuma kipo, watu wa zamu wapo. Anayetoka zamu saa tisa usiku anakaa bendini mpaka kupambazuke, ama anakwenda kwa miguu. Wote mnamjua ndugu yetu aliyepigwa na kunyang'anywa mwezi wa pili, saa kumi alfajiri, hatua mia tano kutoka langoni. Bado hajaweza kuinua mkono wa kulia. Barua yetu ya kuomba gari la zamu ya usiku imekaa mezani kwa wakubwa tangu hapo, na jibu tulilopata kwa mdomo ni kwamba hakuna mahali duniani panapofanya hivyo.

Nimeleta tiketi yangu, ina saa na tarehe. Nimeleta na ramani ya njia zote. Ipitisheni mkono kwa mkono, ila arudishiwe Katibu, maana ni moja tu. Habari ya barua hiyo ni jambo la nne katika orodha ya leo, Bwana Mwenyekiti, kwa hiyo nakaa ili tulifikie.